Kuzungumza na Usiyekubaliana Naye: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefundisha uraia na Kiswahili katika skuli za Unguja kwa miaka 31. Tangu nistaafu, kila Jumamosi baada ya alasiri watu 8 mpaka 12 hukaa uani kwangu, Ng'ambo, wakazungumza jambo ambalo hawakubaliani. Kadi ya chama haiulizwi na posho haitolewi. Kuna chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, basi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa na wanaokuja, na zaidi na wale wasiotaka kuja.

Kuzungumza nako kunahitaji mazoezi? Si kila mtu anajua?

Kusema tunajua sote. Kuzungumza na anayekubaliana nasi tunajua mno, na ndiyo raha yetu ya kila siku. Kukaa mbele ya mtu anayepinga jambo unalolithamini ni kazi nyingine kabisa, na mwili ndio unaokwambia hivyo kabla ya akili: moyo unaenda mbio, sauti inapanda, na mwenzako hajafika katikati ya maneno yake wewe ushapanga jibu. Baada ya hapo husikii tena. Unangoja tu avute pumzi uingie.

Hali hiyo haitibiwi kwa mawaidha. Inatibiwa kwa kurudiarudia, kama mpiga udi anavyorudia wimbo mmoja mpaka vidole vizoee. Timu gani hungojea siku ya fainali ndiyo ianze mazoezi? Sisi Zanzibar tumezoea kuanza kuzungumza na wenzetu pale uchaguzi unapokaribia, au vibaya zaidi, baada ya matokeo. Na matokeo yetu tunayajua. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM, chama tawala, alitangazwa Rais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama cha upinzani, akapewa 49.8. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alipata 50.1, Maalim Seif 49.1. Watu wakigawika nusu kwa nusu katika visiwa hivi vidogo, ile nusu nyingine huna pa kuipeleka. Ni jirani yako, ni shemeji yako, ndiye anayekuuzia dagaa.

Lengo ni tukubaliane?

Hapana. Wakikubaliana, alhamdulillahi, lakini sijawahi kuweka hilo kuwa kipimo. Kipimo changu ni kimoja: ukitoka hapa, unaweza kumweleza mtu wa tatu msimamo wa mwenzako kwa namna ambayo mwenyewe akisikia atasema, "Ndivyo hasa"? Ukiweza, Jumamosi yako haikupotea.

Kuna kisa cha nchi nzima ninachopenda kukirejea. Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza Watanzania kama wanataka kuendelea na chama kimoja au kurudi kwenye vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walisema chama kimoja kiendelee, na 20 wakasema vyama vingi. Kwa hesabu ya kura, mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Tume haikuishia kwenye hesabu. Ilisikiliza sababu, ikaona wengi hata katika wale 80 walikuwa na malalamiko yao na walitaka mambo yabadilike, na ikapendekeza vyama vingi. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekiongoza chama hicho kimoja kwa miaka mingi, aliunga mkono mabadiliko. Wanafunzi wangu kila mwaka walishangaa: iweje 20 washinde 80? Nikawaambia hawakushinda, walisikilizwa, na wale 80 nao walisikilizwa zaidi ya jibu lao la "ndiyo" au "hapana".

Zanzibar kila mtaa una baraza. Mbona bado tuligawana?

Swali hili huniuma, kwa sababu ni la kweli. Baraza ndiyo fahari yetu: kibao cha mawe kando ya mlango, muuza kahawa na buli lake, vikombe vidogo, kashata, bao au dhumna, na habari za dunia nzima. Mgeni akitazama atasema watu hawa wanajua kuzungumza. Ni kweli. Sasa mwulize nani anakaa baraza ipi.

Tangu vyama vingi virudi, vibaraza vingi viligeuka maskani, yaani vijiwe vya wafuasi wa chama kimoja. Jaws Corner, Mji Mkongwe, ilijulikana miaka mingi kuwa kijiwe cha upinzani. Kisonge, Michenzani, ni maskani ya CCM, na ubao wake wa kuandikia maneno ulisomwa mji mzima. Kutoka hapa hadi pale ni mwendo wa miguu. Wazee waliokuwa wakicheza bao pamoja utotoni wakawa kila mmoja ana kijiwe chake, na neno la upande wa pili linafika kwa njia ya ubao, kijembe, au mtu wa kupeleka maneno. Tulizungumza sana kuliko watu wengi duniani, na tulikuwa tukizungumza na vivuli vyetu.

Kwa hiyo wingi wa mazungumzo si dawa. Mwenye kukaa na wenzake wa chama saa 4 kila jioni haongezi ufundi wa kukaa na asiye mwenzake, anaongeza ukali. Baraza inayofaa kwa mazoezi haya ni ile ambayo ukifika unakuta angalau mtu mmoja ungependa asiwepo.

Maridhiano ya 2009 yalifanikiwaje pale mwafaka ulipokwama?

Mwafaka wa kwanza, yaani makubaliano ya CCM na CUF ya kumaliza ugomvi wa uchaguzi, ulitiwa saini Juni 1999 kwa usimamizi wa Jumuiya ya Madola. Wa pili ulitiwa saini Oktoba 2001, baada ya damu kumwagika. Yote miwili ilikuwa karatasi nzuri, yenye ahadi za tume, za daftari la wapigakura, za vyombo vya habari. Utekelezaji ukasuasua, na mazungumzo mengine yakavunjika 2008. Mimi naamini sababu moja ni kwamba waliokaa mezani walikaa kama mawakili: kila mmoja na mteja wake nje ya mlango, kila neno limepimwa.

Tarehe 5 Novemba 2009 kilitokea kitu kingine. Maalim Seif alikwenda Ikulu ya Zanzibar kuonana na Rais Amani Abeid Karume. Hawakuwa na msuluhishi wa kigeni kati yao. Baada ya hapo ikaundwa kamati ya watu 6, watatu kila upande, chini ya Mzee Hassan Nassor Moyo, mwana-CCM wa tangu enzi. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikarekebishwa, na uchaguzi wa Oktoba mwaka huohuo ukapita kwa utulivu ambao watu wa rika langu hatukuuamini. Nilitoka nje siku ya matokeo nikaona watu waliovaa rangi za vyama viwili wananunua urojo kwa muuzaji mmoja.

Nakumbusha pia ile asilimia 33.6 iliyosema hapana. Ni theluthi ya watu. Waliozungumza ni viongozi, na wananchi tukaitwa kupiga kura. Hatukupewa muda wa kuzungumza sisi kwa sisi vya kutosha. Ndiyo maana uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 ulipofutwa siku 3 baadaye, na ukarudiwa Machi 2016 huku CUF ikiususia, tulirudi nyuma kwa kasi ya kutisha. Mlango wa juu ulikuwa umefunguliwa. Chini kwetu, mitaani, mazoea hayakuwapo.

Mwaka 2020 mlango ukafunguliwa tena: Desemba Maalim Seif, safari hii akiwa katika chama cha ACT-Wazalendo, aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Dk. Hussein Mwinyi. Alifariki Februari 2021. Kazi ya mtaani bado iko palepale.

Mazoezi yenyewe hufanywaje?

Salamu kwanza, na salamu kamili: mtu, watoto, mgonjwa aliyeko nyumbani, kazi. Vijana huona ninapoteza muda. Sipotezi. Mtu uliyemuuliza hali ya mama yake dakika 3 zilizopita ni vigumu kumwita kasuku.

Halafu kanuni ni moja tu, na ndiyo ngumu: huruhusiwi kumjibu mwenzako mpaka kwanza urudie alichosema, kwa maneno yako, naye aseme "ndivyo". Akisema "sivyo", unarudia tena. Hata mara 10.

Kanuni hii sikuitoa kitabuni; niliijaribu kwanza kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Ilikuwa Idi ya mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba likiwa limegawanyika Dodoma juu ya rasimu ya katiba mpya ya tume ya Jaji Warioba. Mimi nilitaka serikali tatu, ya Bara, ya Zanzibar na ya Muungano, kama rasimu ilivyosema. Yeye serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, kama zilivyo, hataki kusikia kingine. Alikuwa amekuja na boti kutoka Dar es Salaam, ana duka la vyombo Kariakoo. Tulikuwa tumeshagombana juu ya jambo hili Idi mbili zilizotangulia, na mara ya pili pilau ililiwa kimya.

Nikamwambia, "Shemeji, leo kabla hujanijibu, sema mimi nataka nini."

Akasema, "Unataka Zanzibar ijitoe."

"Sivyo."

"Unataka rais wako mwenyewe."

"Rais ninaye, Shemeji. Sivyo."

Akanyamaza. Akachukua tende, akaizungusha vidoleni bila kuila. Kisha akauliza, "Basi niambie, ni kitu gani hasa kilikukera?"

Nikamsimulia televisheni. Binti yangu alihamia Morogoro, nami nikamnunulia televisheni Darajani nikampelekea. Nilipoteremka bandarini Dar es Salaam nikatozwa ushuru upya, kama niliyetoka nayo Dubai. Nilikuwa na risiti mkononi. Nilimwambia yule kijana wa pale, "Mwanangu, nimetoka Tanzania nimeingia Tanzania," akanijibu, "Mama, lipa, watu wanasubiri." Sikumsimulia mtu kwa miaka kadhaa, kwa sababu niliona aibu kulia kwa ajili ya televisheni.

Shemeji akasema polepole, "Wewe unataka kujua nchi yako inaanzia wapi na inaishia wapi."

Ndivyo. Sikuwahi kulisema vizuri hivyo mimi mwenyewe.

Zamu yangu ilipofika nikasema, "Wewe unaogopa kupoteza duka." Akatikisa kichwa: sivyo, ila umekaribia. Nikajaribu tena nikakosa. Mwisho akaniambia, "Nina miaka 22 Kariakoo. Wanangu wamezaliwa Ilala. Siku Bara wakiwa na serikali yao na sisi yetu, nani atasimama aseme mimi si mgeni pale?" Nilikuwa nimemwita kibaraka wa chama kwa miaka miwili, na hofu yake ilikuwa ni ya baba wa watoto wanne. Kumbe sote tulikuwa tunazungumzia boti ileile, mimi nikishuka na televisheni, yeye akipanda na watoto.

Yeye bado ni wa serikali mbili na mimi ni wa tatu. Pilau ililiwa, na tangu hapo jambo la Muungano likitokea redioni hunipigia simu kwanza yeye.

Baada ya kurudia hoja, swali linalofungua zaidi ni hilo aliloniuliza: kilikutokea nini mpaka ukaamini hivi? Usiulize "kwa nini" kwa ukali. "Kwa nini" humfanya mtu ajitetee. Na kabla hamjaachana, kila mmoja ataje sehemu moja ya msimamo wake mwenyewe ambayo hana uhakika nayo. Hapo ndipo watu wengi hutoka jasho. Wanaume hasa.

Nianze na jambo gani?

Si Muungano! Anza na jambo ambalo ukishindwa hakuna atakayeumia. Simba na Yanga linafaa sana. Yanga ilianzishwa 1935, Simba ikatoka ubavuni mwake mwaka uliofuata, na tangu hapo nyumba moja hulala na mashabiki wa pande mbili. Mwana-Yanga hachoki kutaja 5–1 ya Novemba 2023, na mwana-Simba mwenye kumbukumbu atarudi hadi 6–0 ya mwaka 1977. Mwambie mwana-Simba aeleze kwa dhati kwa nini mtu mwenye akili zake anaipenda Yanga. Mwanzoni atacheka. Akijaribu kweli, ataanza kumtaja baba wa rafiki yake, au mtaa alikokulia, na hapo tayari anafanya mazoezi.

Desturi hii si ngeni kwetu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na baada yake wakajenga utani ambao mpaka leo unamruhusu Mngoni kumwambia Mhehe maneno msibani ambayo mtu mwingine angepigwa kwayo. Na washairi wa pwani je? Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walitupiana mashairi wakati miji yao ikiwa na uhasama wa kweli, ule ulioishia kwenye vita vya Shela. Desturi ya majibizano ni kumjibu mwenzako kwa bahari ileile, yaani muundo uleule wa shairi, mara nyingi kwa vina vilevile. Fikiria maana yake: huwezi kumjibu adui yako mpaka umemsikiliza hadi silabi ya mwisho. Wazee wetu waliiweka kanuni ninayoifundisha mimi uani ndani ya shairi lenyewe.

Kutoka mpirani nenda kwenye mahari, gharama za harusi, kama watoto wasome bweni. Baada ya miezi kadhaa ndipo mguse siasa. Mambo ya madhehebu myaache mwisho kabisa, na msiyaguse kama hakuna mzee anayeheshimiwa na pande zote.

Asiyekubaliana nami ni mkubwa wangu. Nitampingaje bila kumkosea adabu?

Kwa kuuliza. "Baba, naomba kuuliza ili nielewe" si ujanja, ni mlango halali. Usimkatize, usimsahihishe mbele ya wageni wake, na usimpinge akiwa amesimama na wewe umekaa. Mwombe nafasi: "Nina mawazo tofauti kidogo, Baba, sijui kama utaniruhusu niyaseme." Sijaona mzee aliyekataa. Wengi hufurahi kwamba mtoto amekuja kwao badala ya kwenda kulalamika kwa mama.

Na wakubwa nasi tuna deni hapa. Mtoto akizungumza, tumwache amalize. Mimi lilinichukua muda mrefu kujizuia kusema "wewe umezaliwa juzi".

Baraza ni ya wanaume. Sisi wanawake tufanyie wapi?

Tunafanyia tulipo, na pengine tuna nafasi nzuri kuliko wao, kwa sababu mikono yetu huwa na kazi. Watu wakitazamana macho kwa macho bila shughuli hujikaza. Wakichambua mchele, hulegea.

Baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, Pemba ilirudia kususiana: mtu anakatazwa kununua dukani, anakataliwa kwenye gari, msiba wake hauhudhuriwi. Mwaka uliofuata nilikwenda huko kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na nazi 60 na mbuzi 3 tu za kukunia, na wakunaji watano. Wanawake wawili waliokuwa hawajasemeshana mwaka mzima walijikuta mbuzi moja: mmoja amekaa anakuna, mwingine anavunja na kumpa vizio. Maji ya nazi yanamwagika miguuni mwao, hakuna anayesema. Nilihesabu nazi 9 kimya.

Ya 10, aliyekuwa anavunja akasema, "Nipishe nikune. Mkono wako ushachoka."

Yule akampisha. Ndiyo yaliyokuwa maneno yote kwa muda mrefu. Baadaye, tui likichujwa, aliyekuna kwanza akasema bila kumtazama mwenzake kwamba mwaka jana mama yake alipougua, gari la kijijini lilikataa kumpakia, na dereva alikuwa ni mdogo wa huyu mwenzake. Mwenzake akaacha kukamua. Akasema, "Hilo sikulijua." Hakumtetea mdogo wake, hakusema "na nyinyi je". Akauliza mama yu hali gani sasa.

Hakuna mkutano wa hadhara unaoweza kufanya kazi ya ile mbuzi.

Kuna ushahidi wowote kwamba mazungumzo hubadili mtu?

Upo, ingawa mimi siufanyi kuwa sababu kuu. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, David Broockman na Joshua Kalla, walichapisha utafiti waliofanya Miami kuhusu wapigakura waliotembelewa majumbani kuzungumzia jambo lililowagawa watu huko, haki za waliobadili jinsia. Mazungumzo yalikuwa ya takriban dakika 10. Aliyebisha hodi hakuhubiri. Alimtaka mwenye nyumba asimulie wakati yeye mwenyewe alipobaguliwa kwa kuwa tofauti na wenzake. Chuki ilipungua, na miezi 3 baadaye upungufu huo ulikuwa bado upo. Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba watafiti haohao, mwaka mmoja kabla, ndio waliogundua kwamba utafiti mwingine maarufu wa jambo kama hilo ulikuwa na takwimu zisizo za kweli, ukafutwa. Walianza kwa kutia shaka kitu ambacho wangependa kiwe kweli.

Watu wa upande wangu hawataniona msaliti?

Baadhi watakuona hivyo, na sitakudanganya. Siku 2 baada ya kukutana na Rais Karume, Maalim Seif alisimama viwanja vya Kibandamaiti kuwaeleza wafuasi wake kwamba chama chao sasa kinamtambua Karume kuwa Rais, na wafuasi wake mwenyewe wakapiga kelele za kukataa. Ilibidi arudi kwao kueleza tena. Mzee Moyo, aliyeongoza kamati ile, alifukuzwa CCM mwaka 2015. Hao ni watu wazito. Wewe utapata maneno ya mtaani tu.

Ninachoshauri ni kuwa wazi. Waambie wenzako mapema: "Jumamosi nakwenda kuzungumza na fulani, na msimamo wangu ni uleule." Anayekwenda kwa kificho ndiye huonekana amenunuliwa.

Kuna mtu nisiyepaswa kuzungumza naye?

Ndiyo. Anayekutishia. Anayetaka uthibitishe kwanza kwamba wewe ni mtu kamili ndipo akusikilize. Na mlevi, usiku.

Lililo zito zaidi ni hili. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu waliuawa Unguja na Pemba katika maandamano ya kudai uchaguzi urudiwe, na zaidi ya watu 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa mashua. Kuna mama ambaye hakumwona mwanawe tena. Usimwendee mama huyo ukamwambia ajizoeze kuzungumza na wa upande wa pili. Hadaiwi. Mazungumzo ni wajibu wa sisi tulio salama, na moja ya faida zake ni kuzuia asipatikane mama mwingine kama yeye. Akitaka kuja mwenyewe, kiti chake kipo, na siku hiyo sote tutasikiliza tu.

Kundi la WhatsApp la ukoo linafaa?

Kwa mazoezi, hapana. Watu 80 wanatazama, na hakuna anayekubali kushindwa mbele ya watu 80. Ukiona mabishano yameanza, mpigie mtu huyo simu. Huwezi kupiga, mtumie ujumbe wa sauti, asikie kwamba huna hasira. Maandishi hayana uso.

Mwenzangu anataja mambo ambayo si kweli. Nimwache?

Usimwache, lakini usianze na hapo. Tenganisheni mambo mawili: kilichotokea, na mnachokiona kuwa haki. Lililotokea linaweza kutafutwa: tarehe ipi, sheria ipi, nani alitangaza nini. Uani kwangu likitokea tunaliandika kwenye daftari, na Jumamosi inayofuata kila upande unakuja na ulichokipata. Mara nyingi wote wawili wanakuta walikuwa na nusu. Ila ukimsahihisha mtu kabla hajaona kwamba umemsikia, hata ukiwa na gazeti la serikali mkononi, atasema limeghushiwa.

Na nikigundua kwamba mimi ndiye niliyekosea?

Sema. "Hapo nimekosea" ni maneno mawili. Yakitoka mara ya kwanza koo linauma, mara ya tatu halina tabu.

Watoto wafundishwe tangu lini?

Tangu wanapoweza kubishana, maana yake tangu miaka 4. Skulini tuna mdahalo, na nimeusimamia miaka yote: "Maisha ya shamba ni bora kuliko ya mjini," mwenyekiti, mtunza muda, wazungumzaji wanne, makofi. Unafundisha mtoto kusimama na kutoa sauti, jambo zuri. Unamfundisha pia kwamba mwenzake ni kitu cha kubomolewa.

Miaka yangu 6 ya mwisho nilibadilisha mambo mawili. Upande wa kuutetea ulipatikana kwa kuokota karatasi, na katikati ya mdahalo nilipiga kengele, wakabadilishana viti. Aliyekuwa anatetea mjini sasa anatetea shamba. Pia nilitoa alama 5 kwa kutaja hoja kali kuliko zote ya upande wa pili kabla ya kuijibu, na alama hizo zilitolewa na wapinzani, si na mimi.

Kulikuwa na kijana mmoja wa kidato cha pili, mkali, wa kwanza darasani, ambaye muhula mzima alipata 0 kati ya 5. Aliniletea malalamiko kwamba wenzake wanamwonea. Nikamwambia awaulize wao. Wiki iliyofuata nilimkuta chini ya mwembe, nje ya darasa la uchoraji, na msichana wa upande wa pili, daftari liko magotini, anaandika, na msichana anamwambia, "Hapana, soma tena. Bado hujanisema mimi."

Akafuta, akaanza upya.